Mdai Asiyejulikana

Utapeli wa madeni ni ule ambao mtu hudaiwa fedha ambazo hakukopa, au alizikopa kweli lakini anayezidai si mwenye haki ya kuzipokea. Sura yake nyepesi kabisa ni ujumbe mfupi wa simu uliosambaa Tanzania mpaka ukageuka utani wa vijiweni, ule unaosema ile hela itumwe kwa namba hii. Ujumbe huo hautaji jina wala kiasi, na hausemi ni hela gani. Unamtafuta mtu mmoja kati ya maelfu ambaye asubuhi hiyo anadaiwa kodi ya nyumba, ada ya shule au salio la mzigo wa Kariakoo, na ambaye atadhani mwenyewe ndiye aliyebadilisha namba. Tapeli wa namna hii hana haja ya kubuni deni. Hulikuta limeshakuwapo, akahamisha tu mahali linapolipwa.

Kwa vizazi vingi mbinu hiyo isingefanikiwa, kwa sababu mdai alikuwa mtu anayejulikana. Daftari la madeni lilikuwa dukani kwa Mangi au kwa mweka hazina wa chama, na mdaiwa alijua mlango wa mdai kama mdai alivyojua wa kwake. Mambo yalibadilika mkopo ulipohamia kwenye simu. M-Shwari ilianza Kenya Novemba 2012, Fuliza ikafuata Januari 2019, na Tanzania wateja wakazoea M-Pawa, Songesha na Nivushe. Pembeni ya huduma hizo za benki na kampuni za simu zikaota programu nyingi ambazo mkopaji hajui ofisi zake ziko wapi wala mmiliki ni nani. Shilingi elfu chache huombwa saa nne usiku, hutoka kwa dakika mbili, na jina la mkopeshaji husahaulika hata kabla fedha hazijaisha. Mtu aliyekopa sehemu tatu ndani ya mwezi mmoja hawezi kuapa kwamba hakukopa ya nne. Shaka hiyo ndogo ndiyo mtaji wa tapeli.

Deni la kubuni kabisa huanza na simu ya heshima. Mpigaji hujitambulisha kuwa wakili, ofisa wa kitengo cha madeni au mwakilishi wa kampuni ya kukusanya madeni. Hutaja majina matatu ya anayepigiwa, pengine na tarakimu za kitambulisho chake, kisha hutaja deni la zamani kidogo, la kiasi kisichoshtua sana wala kuchekesha. Yale majina matatu ndiyo humlegeza msikilizaji, ilhali hayathibitishi lolote. Mtu akianza hatua za kutuma pesa kwa namba yoyote, kwa kawaida mtandao humwonyesha jina la mwenye namba kabla hajathibitisha muamala. Namba za vitambulisho nazo zimeachwa kwenye madaftari ya walinzi wa majengo, kwa mawakala wa laini na kwenye steshenari za fotokopi. Kumjua mtu si kumdai.

Hatari zaidi ni pale deni lilipo la kweli na mdai ni wa uongo. Mpigaji hutoa punguzo: deni la shilingi 12,000 litafutwa kwa 7,000 likilipwa leo hii, kwa namba binafsi ya "msimamizi", kwa kuwa mfumo wa kampuni una hitilafu. Mdaiwa hulipa kwa shukrani, mpigaji hupotea, na deni halisi linabaki palepale likizaa riba. Katika hali hii swali la kujiuliza si kama deni lipo, ila fedha zinakwenda wapi. Mkopeshaji halali hulipwa kwa njia ileile iliyoandikwa kwenye mkataba au ndani ya programu yake: namba ya malipo ya kampuni au akaunti ya benki yenye jina la kampuni. Hata mfanyakazi halisi wa kampuni hiyo akiomba alipwe kwenye laini yake, malipo hayo hayaingii kwenye hesabu ya mkopo, na mdaiwa atakuwa na kazi kubwa kuthibitisha kwamba amelipa.

Wengine huvutwa kwenye deni la jirani. Mtu hupokea ujumbe kwamba "aliwekwa mdhamini" wa fulani, na kwamba fulani asipolipa, yeye atashtakiwa. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba jina lake liliandikwa kama mtu wa mawasiliano, au programu ilizoa majina yote yaliyomo kwenye simu ya mkopaji. Udhamini hauzaliwi hivyo. Kenya, Sheria ya Mikataba inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe kwa maandishi yenye sahihi ya anayeahidi, la sivyo hawezi kushtakiwa kwa ahadi hiyo. Tanzania, sheria ya mikataba inakubali hata udhamini wa mdomo, ila lazima utoke mdomoni mwa mdhamini mwenyewe. Kokote kule, mkopaji hana uwezo wa kumfanya shemeji au bosi wake kuwa mdhamini kwa kuandika namba yake ya simu.

Kuna pia deni linalosukumwa kwa nguvu. Baadhi ya programu zisizo na leseni hutuma fedha kidogo kwa mtu aliyejaza fomu bila kukamilisha maombi, kisha baada ya siku chache hudai kiasi kikubwa zaidi. Fedha hizo zisiguswe, na mwenye laini aiandikie kampuni, na kampuni ya simu pia, kwamba hakuziomba. Ujumbe wa "nimekutumia kimakosa, nirudishie" ni ndugu wa mbinu hii. Mara nyingi ujumbe wa muamala wenyewe umeandikwa na tapeli kwa simu ya kawaida, na anayeangalia salio lake hukuta halijaongezeka hata senti. Hata kama limeongezeka, anayerudisha fedha zilizokosewa ni kampuni ya simu kwa utaratibu wake. Mteja wa Safaricom aliyekosea, kwa mfano, hupeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456, bila haja ya kumbembeleza aliyepokea.

Kenya kuna biashara nyingine ya ajabu inayoishi kwa hofu ya CRB, yaani kampuni za kumbukumbu za mikopo. Matapeli huahidi kumsafisha mtu jina kwa ada ya elfu moja au mbili. Hakuna mtu wa mtaani mwenye uwezo huo: taarifa hubadilishwa na mkopeshaji aliyeipeleka, baada ya deni kulipwa au kuthibitika kuwa ni kosa. Mteja ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka na kupinga kilichoandikwa humo, na tangu Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya iliagiza kwamba madeni yasiyofika shilingi 1,000 yasimchafulie mtu jina huko. Anayetishwa na CRB kwa deni la shilingi 600 anatishwa na kitu ambacho hakipo.

Dalili za utapeli hufanana katika sura zote hizi, na zote hutokana na jambo moja: deni la kweli huvumilia swali, la uongo halivumilii. Mdai halali anaweza kueleza mkopo ulitolewa tarehe gani, kwa mkataba upi, kiasi gani kilikuwa mtaji, kipi ni riba na kipi ni adhabu, na anaweza kuyaandika hayo kwenye barua yenye jina na anwani yake. Hana cha kupoteza mdaiwa akisema atajibu kesho baada ya kuthibitisha. Tapeli hana kesho. Ndiyo maana hukataa kukata simu, hutaka malipo kabla ya saa kumi, humwonya mdaiwa asimwambie mtu, na hukasirika akiulizwa namba ya leseni. Anayeomba namba ya siri ya pesa mtandaoni au tarakimu zilizotumwa kwa ujumbe hastahili hata swali la pili, kwa kuwa hakuna deni duniani linalolipwa kwa kumpa mdai funguo za nyumba.

Baada ya utapeli mtupu linakuja eneo la katikati, nalo ndilo limewatesa watu wengi zaidi: mkopo ni wa kweli, mkopeshaji yupo, ila njia anazotumia kudai ni haramu. Silaha kuu hapa ni aibu. Katika jamii ambayo mtu huficha deni lake hata kwa mwenzi wake, ujumbe mmoja kwa mama mkwe, kwa mchungaji au kwenye kundi la WhatsApp la ukoo una nguvu kuliko samansi ya mahakama. Programu za mikopo zililielewa hilo mapema. Zilipoomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu, hazikuwa zikitafuta wadhamini. Zilikuwa zikichukua rehani ya heshima ya mtu.

Sheria imekuja nyuma ya tatizo, lakini imekuja. Kenya ilirekebisha Sheria ya Benki Kuu mwishoni mwa 2021, na Machi 2022 zikatoka kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Kanuni hizo zinamkataza mkopeshaji na mawakala wake kutumia vitisho, nguvu au lugha ya matusi, kuanika taarifa za mdaiwa mitandaoni, na kuingia kwenye orodha yake ya majina ili kuwapigia au kuwaandikia watu wake. Katazo hilo haliangalii kama deni limechelewa siku moja au mwaka. Aidha kila mkopeshaji wa aina hiyo lazima awe na leseni. Benki Kuu huchapisha orodha, na kufikia Juni 2025 ilikuwa imefikisha kampuni 126. Jina lisilomo kwenye orodha ni sababu tosha ya kusita kabla ya kukopa.

Upande wa faragha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imekuwa na meno kuliko wengi walivyotarajia. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, ilitangaza faini ya shilingi 2,975,000 dhidi ya Mulla Pride, kampuni iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash, baada ya watu kulalamika kwamba namba zao zilitumika kuwapigia simu na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Katika mashauri ya aina hii mlalamikaji si lazima awe mkopaji. Shangazi aliyepigiwa simu kuhusu deni la mpwa wake ana haki zake mwenyewe, kwa kuwa taarifa zilizotumika bila ridhaa ni zake. Mwaka huohuo Google nayo ilizizuia programu za mikopo kwenye duka lake kusoma majina na picha za simu. Programu inayomtaka mteja aipakue kwa kiungo cha WhatsApp badala ya dukani huenda inakimbia sharti hilo.

Tanzania ilipitia njia yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, na wakopeshaji wasiopokea amana, wawe kampuni au mtu mmoja, wamo daraja la pili na lazima wapate leseni ya Benki Kuu. Riba yao imewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 100,000 hiyo ni 3,500 kwa mwezi, kiwango ambacho kikipimwa na mikopo inayoitwa mitaani kausha damu huonekana kama zawadi. Anayekopesha kwa asilimia 20 au 30 kwa mwezi huku akishikilia kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri hafanyi biashara kali ndani ya sheria. Yuko nje yake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiwa na tume yake ya kupokea malalamiko.

Haki hizi hazifuti deni. Aliyekopa kwa hiari bado anadaiwa alichokopa, na maneno yanayosambaa mitandaoni kwamba mkopo wa programu isiyo na leseni haulipwi ni ushauri wa hatari, maana jambo hilo huamuliwa na mahakama kwa kila mkataba. Kinachozuiwa ni namna ya kudai.

Tishio linalotumika kuliko yote ni jela. Ujumbe husema polisi wako njiani, au hati ya kukamatwa imetoka saa hiyohiyo. Kushindwa kulipa mkopo ni suala la madai, si jinai, isipokuwa pale palipo udanganyifu kama kughushi nyaraka. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kifungo cha madai kimo katika sheria za nchi zote mbili, ila hakiji kwa simu. Lazima kwanza kesi ifunguliwe, mdaiwa apewe wito, hukumu itoke, mdai aombe kukaza hukumu, na mdaiwa aitwe tena kueleza kwa nini asifungwe. Mtu asiyewahi kuona karatasi ya mahakama hana hukumu ya kukazwa. Askari anayekusanya deni la mtu binafsi, hata akiwa askari wa kweli, anafanya kazi isiyo yake.

Dalali naye ana utaratibu. Nchini Kenya madalali hupewa leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996, na kabla ya kubeba mali inayohamishika dalali lazima aorodheshe vitu kwa maandishi na kutoa notisi ya siku 7 ili mwenye mali aweze kulipa. Tanzania, anayekamata mali kwa amri ya mahakama ni dalali wa mahakama aliyesajiliwa, mwenye amri hiyo mkononi. Vijana wanne kwenye pikapu wanaobeba televisheni kwa sababu mkopo wa kikundi umechelewa siku tatu si madalali, hata mmoja wao akivaa koti. Kisa hicho kinafaa kuripotiwa polisi kama uporaji wowote.

Muda nao ni kinga ambayo watu wachache wanaijua. Kenya na Tanzania zote zimeweka ukomo wa miaka 6 wa kufungua kesi ya madai yatokanayo na mkataba. Deni la 2014 lisilowahi kulipwa wala kukiriwa linaweza kuwa halishitakiki tena. Wanunuzi wa madeni ya zamani huligeuza hilo kuwa mtego: humbembeleza mdaiwa alipe hata shilingi 200 "kuonyesha nia njema", au aandike ujumbe akikubali deni na kuomba muda. Malipo hayo madogo au kukiri huko kwa maandishi kunaweza kuanzisha upya hesabu ya miaka. Anayepigiwa simu kuhusu deni la kale, basi, ni bora asikubali wala kukataa hapo hapo, na aombe maelezo yote yaandikwe.

Kuhusu ukubwa wa deni, sheria ya benki ya Kenya, kifungu cha 44A, inaweka mpaka unaostahili kujulikana na kila mkopaji: mkopo wa benki ukishaanguka kuwa usiolipika, riba inayoweza kudaiwa kuanzia hapo haiwezi kuzidi mtaji uliobaki. Ndiyo sababu mchanganuo wa deni una thamani kubwa. Bila kutenganisha mtaji, riba na tozo, mdaiwa hawezi kujua kama mpaka huo umevukwa.

Anayepokea simu ya madai anafanya vizuri kuchukua jina la mpigaji, kampuni, namba ya mkopo na kiasi, kukata, kisha kumpigia mkopeshaji mwenyewe kwa namba iliyoko kwenye mkataba au programu, wala si kwa namba aliyopewa na mpigaji. Tanzania, namba rasmi ya huduma kwa wateja ya kampuni zote za simu ni 100, na Safaricom ya Kenya huwapigia wateja wake kwa 0722 000 000. Anayehofu kwamba laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake bila yeye kujua, na huenda ndiyo iliyokopea, hubonyeza *106#, namba inayofanya kazi nchi zote mbili. Laini asiyoitambua huifuta kwa kampuni ya simu, kisha huuandikia uongozi wa mkopeshaji kwamba hakukopa na kutaka uthibitisho wa mahali mkopo huo ulipoingia.

Ujumbe wa kitapeli hupelekwa kwa 15040 Tanzania, na kwa wateja wa Safaricom kwa 333. Fedha zikiwa zimeshatumwa, dakika za kwanza ndizo zenye thamani, kwa sababu kampuni ya simu inaweza kuzuia salio ambalo tapeli hajalitoa kwa wakala. Baada ya hapo huja taarifa ya polisi, ambayo Kenya humpa mlalamikaji namba ya OB na Tanzania RB, na bila namba hiyo ofisi nyingi hazianzi kusikiliza. Malalamiko dhidi ya mkopeshaji mwenye leseni huanzia kwake kwa maandishi, kisha hupanda Benki Kuu. Yanayohusu faragha hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria ya Kenya inampa siku 90 kuyamaliza na ambaye ameshaamuru walalamikaji kadhaa walipwe fidia, au kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa walioko Tanzania. Kote huko kinachoulizwa kwanza ni ujumbe wenyewe, namba iliyoutuma, tarehe na saa. Wengi huufuta kwa hasira au kwa aibu siku ileile waliyoupokea.